Mama Panzi, Mtoto Nzige: Maisha ya Boris Uvarov

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Methali hii tunaitumia hapa chuoni kila siku bila kuipima. Simu ikipotea bwenini, anayetazamwa kwanza ni yule jamaa ambaye baba yake aliwahi kufungwa. Mtu akidisko, utasikia kwao hata hawasomagi. Na siku hizi methali imevaa koti jeupe la maabara: njaa aliyoipata bibi yako na hofu aliyoishi nayo vimeandikwa ndani ya mwili wako, wewe umeletewa tu, huna la kufanya. Neno linalotajwa ni epijenetiki, na mtu akishalitaja basi mjadala umefungwa.

Mimi ni mtoto wa Isaka, nasoma sayansi ya viumbe, na neno hilo nalipenda. Ndiyo maana naumia linapotumika kama hirizi. Nimeona njia nzuri ya kulieleza ni kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeanza kulikaribia miaka 30 kabla neno lenyewe halijaingia kwenye biolojia. Jina lake ni Boris Uvarov. Hakushughulika na nyoka. Alishughulika na nzige, mdudu ambaye mtoto wake anaweza kutofanana na mama yake kabisa, na bado akawa wake wa kumzaa.

Boris Petrovich Uvarov alizaliwa miaka ya 1880 huko Uralsk, mji wa nyikani uliokuwa chini ya himaya ya Urusi na ambao leo uko Kazakhstan. Baba yake alikuwa mtumishi wa benki ya serikali. Nchi ya kwao ilikuwa tambarare ya nyasi isiyo na mwisho, kavu, yenye upepo. Ukiondoa theluji, mtu wa Shinyanga asingeishangaa sana. Kijana alipenda wadudu tangu mapema, lakini alipomaliza shule alianzia kwenye chuo cha madini huko Ekaterinoslav. Wenzangu wa Geita mtaelewa: madini yana ajira, na mzazi anayelipa ada hapendi kusikia habari za panzi. Uvarov hakudumu huko. Alihamia Chuo Kikuu cha St Petersburg, akasoma biolojia na kumaliza mwaka 1910. Kama na wewe ulibadili kozi na nyumbani wakanuna, una mwenzio.

Kazi ikampeleka kusini, Stavropol, upande wa kaskazini wa milima ya Kaukazi. Kufikia mwaka 1912 alikuwa anaongoza ofisi ya serikali ya wadudu waharibifu, bado kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Adui mkubwa wa wakulima alikuwa nzige. Makundi yalikuja mwaka fulani, yakala kila kitu, yakarudi mwaka uliofuata, kisha yakapotea miaka mingi kana kwamba hayakuwahi kuwepo. Swali lililowasumbua watu tangu zamani lilikuwa hili: yakipotea, yanakwenda wapi?

Vitabu vya wakati ule vilitaja aina mbili za wadudu katika eneo hilo. Mmoja aliitwa Locusta migratoria, nzige hasa, anayetembea kwa makundi. Watoto wake wasio na mabawa, ambao Kiswahili tunawaita tunutu, ni weusi wenye rangi ya machungwa, na hutembea pamoja kama jeshi. Mwingine aliitwa Locusta danica. Huyu ni mpweke, watoto wake mara nyingi ni wa kijani, mgongo wake nyuma ya kichwa umeinuka, na hana madhara ya maana. Kila mtaalamu aliyewatazama wamebanwa kwa pini kwenye sanduku aliona ni spishi mbili, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kubisha.

Uvarov alikuwa anawatazama shambani, tena kizazi baada ya kizazi. Akaona watoto wa nzige wa makundi wakikua na kupata umbo la yule mpweke. Akaona pia wengine wa katikati, ambao huwezi kuwaweka huku wala kule. Sasa fikiria uko mahali pake. Ama umekosea kuhesabu, ama wazazi wa spishi moja wanazaa watoto wa spishi nyingine, jambo lisilowezekana. Yeye akachagua jibu la tatu: hakuna spishi mbili. Ni mdudu mmoja mwenye sura mbili, na sura ipi ivaliwe inategemea hali aliyoishi, hasa kama ameishi peke yake au amebanana na wenzake. Kwa hiyo makundi hayaendi popote. Yanapotea kwa kugeuka panzi wa kawaida, wanakaa kwenye nyasi kimya, na hakuna anayewaita nzige.

Kabla hajayaandika hayo kwa utulivu, dunia yake ikaparaganyika. Mwaka 1915 alihamia Tiflis, mji tunaouita Tbilisi leo, kufanya kazi ya kulinda mimea. Mwaka 1917 mapinduzi yakaiangusha dola ya Urusi. Georgia ikajitangazia uhuru mwaka 1918, na Uvarov akajikuta katika nchi mpya, akifundisha chuo kikuu na kutunza mikusanyo ya makumbusho katika kipindi ambacho maisha yalikuwa magumu na kesho haijulikani. Jeshi la Uingereza lilikuwa Kaukazi wakati huo, na habari za kijana huyu anayejua nzige zikafika London. Mwaka 1920 akaondoka kwenda huko, kwenye ofisi iliyoshughulikia wadudu kwa ajili ya makoloni yote ya Uingereza. Mkuu wa ofisi hiyo alikuwa Guy Marshall.

Mwaka 1921 akachapisha andiko lake, na nadharia ya awamu ikazaliwa: mdudu mmoja, awamu mbili, ya upweke na ya kundi. Haki itendeke hapa, hakuwa peke yake. Vasily Plotnikov huko Tashkent alikuwa akifuga nzige na kufikia karibu jibu lile lile, na Jacobus Faure wa Afrika Kusini akaja kuonyesha kwa kufuga kwamba nzige wa huku kwetu Afrika nao hubadilika hivyo hivyo. Lakini aliyeunganisha sura za wadudu, historia ya mavamizi na swali la makundi yanakopotelea katika wazo moja alikuwa Uvarov.

Hadi hapa ni habari za Urusi na London. Sasa tuje nyumbani.

Mwaka 1929 serikali ya Uingereza ilimpa kazi ya kukusanya taarifa za nzige kutoka Afrika na Asia. Alianza na watu wachache sana. Mmoja wao alikuwa Zena Waloff, aliyekuja kuwa bingwa wa kufuatilia safari za makundi. Silaha yao ilikuwa karatasi. Kila aliyeona kundi alitakiwa kuripoti tarehe, mahali, upande lilikoelekea, kama wameshuka, kama wametaga. Nyuma ya kila karatasi ya afisa wa wilaya alikuwepo mkulima au mchungaji aliyeona kwanza, ingawa jina lake halikufika London. Taarifa zikachorwa kwenye ramani, mwezi baada ya mwezi.

Wakati huo huo, kuanzia mwaka 1930 hivi, nzige mwekundu aliivamia Afrika kusini mwa Ikweta, na uvamizi huo haukuisha mpaka mwaka 1944. Tanganyika ilikuwa katikati yake. Kwetu wazee wanasimulia walivyosimuliwa na wazazi wao: jua kufifia mchana, watu kupiga madebe na kuwasha moshi, mtama kubaki vijiti. Wengine walikula nzige wenyewe, kwa sababu ndicho chakula kilichobaki shambani.

Ramani zilipopangwa pamoja zikasema jambo ambalo mtu mmoja aliyesimama shambani asingeweza kuliona. Makundi ya nzige mwekundu hayakuwa yakichipuka kila mahali. Yalianzia sehemu chache za nyasi ambazo hujaa maji masika na kukauka kiangazi: bonde la Rukwa, na Mweru wa Ntipa katika Zambia ya leo. Baadaye orodha ya maeneo ya chimbuko ikaongezeka, na upande wetu ikaingia mbuga ya Malagarasi na mbuga ya Wembere. Ukitoka Isaka ukapita Nzega, Igunga, ukielekea Sekenke, unakatiza Wembere. Watu wengi wanaipita wamelala kwenye basi. Udongo mweusi, nyasi, maji yakija, tope. Yakiondoka, nyufa za kuingiza mkono. Panzi wapweke wa aina ya nzige mwekundu huishi katika sehemu kama hizo miaka yote.

Kwa hiyo Uvarov na wenzake walishauri mambo yageuzwe. Badala ya kungoja makundi yafike mashambani ndipo watu wakimbizane nayo, watafutwe mapema kule chimbuko, wakiwa wachache na bado panzi, wasiachwe wabanane. Mwaka 1941 ukaanza mpango wa muda wa kulinda maeneo ya nzige mwekundu, na mwaka 1949 ukawa shirika la kimataifa lenye makao Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, kilomita chache kutoka mpaka wetu. Kituo chake cha utafiti wa nzige London kikapata hadhi kamili mwaka 1945, naye akakiongoza hadi alipostaafu mwaka 1959. Mwaka 1950 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, na mwaka 1961 akapewa cheo cha Sir. Alifariki London Machi 1970, akiwa bado anaandika. Juzuu ya pili ya kitabu chake kikubwa cha panzi na nzige ilitoka mwaka 1977, miaka saba baada ya kifo chake.

Sasa, epijenetiki iko wapi katika haya yote?

Neno hilo lilianza kutumika kwenye biolojia mwaka 1942, na aliyelileta ni Conrad Waddington wa Uingereza. Leo tunalitumia kwa mabadiliko ya namna jeni zinavyofanya kazi ambayo hayagusi maandishi yenyewe ya DNA, na ambayo chembe hai inaweza kuirithisha chembe nyingine. Kwa mtu wa Isaka naweza kulieleza hivi. Treni inaingia bandari kavu na makontena yake. Mzigo ndani ya kila kontena ni ule ule. Lakini nje kuna lebo na lakiri zinazosema hili lifunguliwe hapa, lile lipande lori hadi Kigali likiwa limefungwa. Jeni ni mzigo. Epijenetiki ni zile lebo. Mwilini lebo ni vitu halisi vya kikemia: vikundi vidogo vya methili vinavyobandikwa kwenye DNA, mabadiliko ya protini ambazo DNA imezungushiwa, na vipande vidogo vya RNA vinavyozuia ujumbe fulani usitekelezwe.

Nzige ni mfano mzuri wa jambo hili kwa sababu mzigo wake haubadiliki. Panzi mpweke wa kijani na nzige wa kundi mweusi wana jeni zile zile, ndiyo maana Uvarov aliweza kuwaita mdudu mmoja. Na mageuzi yenyewe yana hatua mbili, ambazo ni muhimu tuzitenganishe.

Hatua ya kwanza ni ya mdudu mmoja katika maisha yake. Watafiti wa Oxford na Cambridge walionyesha, kwa nzige wa jangwani, kwamba ukimgusagusa mpweke kwenye miguu ya nyuma kwa saa chache tu anaanza kuvutiwa na wenzake badala ya kuwakwepa. Ni kama abiria wa Hiace ya asubuhi, ila yeye akisukumwa anazidi kupenda msongamano. Mwaka 2009 wakaonyesha kwamba kemikali ya neva iitwayo serotonini ndiyo inayoendesha badiliko hilo la tabia. Hadi hapa hakuna urithi. Ni mdudu aliyekutana na hali mpya.

Hatua ya pili ndiyo inayotuhusu. Rangi na ukubwa havigeuki kwa saa chache. Jike wa nzige wa jangwani aliyeishi katika msongamano hutaga mayai machache zaidi lakini makubwa, na tunutu wanaotoka ni wakubwa, weusi, na wana tabia ya kundi. Jike aliyeishi peke yake hutaga mayai mengi madogo, na watoto wake hutoka wadogo na wa kijani. Watoto hao hawajaona chochote. Hawajaguswa na mtu. Wanazaliwa wakiwa na habari kuhusu dunia ambayo mama yao ameiona, na wanaanza maisha wakiwa tayari kwa ajili yake. Mtoto wa kundi akifugwa naye katika kundi, hali inazidi kukolea kizazi hadi kizazi.

Habari hiyo inapitaje? Miaka ya 1990 watafiti wa Uingereza walitoa ushahidi kwamba iko kwenye povu ambalo jike hufunikia mayai yake ardhini. Ukiliosha, watoto huelekea upweke. Baadaye Wajapani Seiji Tanaka na Koutaro Maeno wakarudia majaribio na kutoa hoja tofauti: mambo huamuliwa mapema zaidi, yai likiwa bado tumboni mwa mama, na ukubwa wa yai ndio unaosema mengi. Mjadala wa aina hii ndio sayansi yenyewe. Wakati huo huo jenomu ya nzige ilisomwa na kundi la watafiti wa China na kuchapishwa mwaka 2014: ni zaidi ya mara mbili ya ukubwa wa jenomu ya binadamu, na ina alama za methili ambazo zinatofautiana kati ya wapweke na wa makundi. Kuona tofauti hiyo ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba ndiyo inayopita kwenye yai ni jambo jingine.

Na hapa naomba tusimame kidogo, maana ndipo methali yetu ya koti jeupe inapojikwaa.

Kwanza, mtoto kufanana na hali ya mama hakumaanishi moja kwa moja kwamba kuna alama inayorithiwa vizazi na vizazi. Mama akiwa na mimba, hali inayompata inampata na mtoto aliye tumboni. Na mtoto huyo akiwa wa kike, mayai yatakayokuja kuwa wajukuu yameanza kuumbika ndani yake humo humo. Yaani vizazi vitatu vinaweza kupigwa na njaa moja siku moja. Ndiyo maana kwa wanyama kama panya na sisi, jambo likimpata mama mjamzito, watafiti wakali hudai kuona athari hadi kwa kitukuu kabla ya kusema kwamba habari imerithiwa kweli. Mfano maarufu wa binadamu ni njaa ya Uholanzi ya mwaka 1944 na 1945. Watu waliokuwa tumboni mwa mama zao katika mwanzo wa mimba wakati wa njaa ile walikutwa na alama za methili zilizopungua kwenye jeni moja ya ukuaji, miaka 60 hivi baadaye. Ni ugunduzi mzito. Lakini watu hao walikuwepo kwenye njaa wenyewe, tumboni. Hawakuirithi kutoka kwa bibi.

Pili, kwa wanyama wanyonyeshao alama nyingi za methili hufutwa mara mbili: wakati mbegu na mayai yanapoumbika, na tena siku za mwanzo baada ya mimba kutunga. Zipo zinazoponyoka, ila ni chache, na mabishano kuhusu uzito wake kwa binadamu bado ni makali. Wapo wanyama ambao urithi wa aina hii umethibitishwa vizuri zaidi. Mnyoo mdogo wa maabara aitwaye Caenorhabditis elegans hurithisha vipande vya RNA kwa vizazi kadhaa. Lakini mara nyingi hata kwake athari hufifia vizazi vinavyozidi kupita.

Tatu, na hili ndilo nalolipenda kwa nzige: inarudi nyuma. Mtoto mweusi wa kundi ukimfuga peke yake, yeye na watoto wake na wajukuu, ukoo unarudi kuwa wa kijani. Mama alimpa taarifa kuhusu dunia aliyoiona yeye. Dunia ikibadilika, taarifa nayo inaandikwa upya. Kama ingekuwa hukumu isiyofutika, makundi yaliyoila Afrika kusini mwa Ikweta hadi mwaka 1944 yasingeisha kamwe.

Kwa hiyo anayesema umaskini wa ukoo fulani uko kwenye damu yao, na kumtaja nzige kama ushahidi, amemsoma nusu. Nusu aliyoiacha ni ile aliyoiona Uvarov mwaka 1912, tunutu wa jeshi jeusi wakikua na kuwa panzi watulivu. Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa mtu fulani yuko alivyo, tazama alivyozaliwa, ndiyo, lakini tazama pia kama bado amebanwa palepale mama yake alipobanwa. Mtoto wa mgodini aliyekua bila maji safi wala shule ya karibu hahitaji nadharia ya urithi kueleza matokeo yake ya kidato cha nne.

Lakini tusigeuke upande wa pili na kusema basi habari ya mama ni hadithi. Kwa mkulima ni jambo la chakula. Kama habari inapita kwenye yai, maana yake kuchelewa kuna gharama inayoongezeka. Jike akishabanana na wenzake Wembere au Rukwa, mayai yake yameshabeba habari. Unaweza kuua wazazi wote na bado ukakuta jeshi linatoka ardhini. Ndiyo maana Uvarov alisisitiza watu waende chimbuko wakati ambapo hakuna nzige wa kuonekana. Na hiyo ndiyo kazi ngumu kuiombea bajeti. Nani atatoa hela ya kwenda kuhesabu panzi porini mwaka ambao hakuna anayelalamika?

Shirika la nzige mwekundu bado lipo, makao yake sasa yako Ndola, na kwa nzige wa jangwani kuna shirika la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1962, ambalo Tanzania ni mwanachama wake. Kazi yao tunaisikia mambo yakiharibika tu, na yakienda vizuri hakuna habari. Mwaka 2009 nzige mwekundu walianza kuongezeka Ikuu-Katavi, Rukwa na Malagarasi. Wakanyunyiziwa dawa iliyotengenezwa kwa kuvu, ambayo huwaua nzige na kuwaacha ndege na nyuki salama, na uvamizi haukutokea. Wangapi kati yetu tunaukumbuka mwaka huo? Lakini kuanzia mwisho wa 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya kwa wingi ambao nchi hiyo haikuuona kwa miaka 70. Walikuwa wameongezeka kimya kimya katika jangwa la Arabuni baada ya mvua za vimbunga vya mwaka 2018, mahali pa mbali na pasipo mtu wa kuwahesabu, na vita vya Yemen vikazidi kuzuia kazi ya kuwafuata. Kilomita moja ya mraba ya kundi la namna ile inaweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80. Mwanzoni mwa 2021 wakafika kwetu pia, Longido na Simanjiro. Hao walikuwa watoto na wajukuu wa wapweke ambao hakuna aliyewaona.

Uvarov alihama kutoka nyika hadi mji, kutoka dola iliyoanguka hadi nchi ya ugeni, na mwisho akawa mtu wa makaratasi akisubiri taarifa za watu ambao hangewaona kamwe, wakiwemo wa Tanganyika. Kwangu somo la maisha yake ni la utaratibu: usiamini sanduku la pini, fuata kizazi kinachofuata, andika tarehe na mahali. Wanachuo wenzangu mnaotafuta mada ya utafiti wa mwaka wa tatu na bumu ni dogo, Wembere haiko mbali na Isaka na nauli ya basi inalipika. Nendeni mwisho wa masika, nyasi zikiwa ndefu. Mtakachokikuta ni panzi, mmoja huku, mmoja kule, wengine watakuwa wa aina ya nzige mwekundu. Wahesabuni, pimeni umbali kati yao, andikeni. Mwaka watakapoanza kusogeleana, taarifa yenu itakuwa na kitu cha kulinganisha.